Maktaba ya umma na kisomo cha watu wazima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina tatu: mtu mzima anayetaka kujifunza kusoma au kuendelea na masomo, ndugu anayemsaidia, na mkutubi au mwezeshaji anayetaka maktaba yake iwafae watu hao. Mifano mingi ni ya Tanzania Bara. Kwingineko taratibu zinaweza kutofautiana.

Maktaba ya umma si ya wanafunzi?

Ukiingia maktaba ya mkoa saa nane mchana ndivyo utakavyodhani. Viti vimekaliwa na vijana wa sekondari na vyuo, na wengi wao hawajagusa rafu hata moja. Wamekuja na madaftari yao kutafuta meza, taa na utulivu. Hawana kosa. Lakini mama wa miaka 45 akichungulia mlangoni na kuona sare tupu na ukimya, hurudi alikotoka.

Maktaba hizi ziliwekwa kwa ajili yake pia. Bodi ya Huduma za Maktaba ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, wakati ambapo watu wazima wengi nchini hawakujua kusoma. Ilani ya UNESCO na IFLA (shirikisho la kimataifa la maktaba) kuhusu maktaba za umma, iliyotolewa mwaka 1949 na kuandikwa upya 1972, 1994 na 2022, inasema huduma ni ya watu wa rika zote. Kwa hiyo hakuna umri wa kuulizwa "umefuata nini hapa?"

Je, maktaba inafundisha kusoma na kuandika?

Kwa kawaida darasa lenyewe si kazi ya mkutubi. Kisomo kiko chini ya afisa elimu ya watu wazima wa halmashauri, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, huandaa wawezeshaji na masomo ya kujiendeleza. Maktaba inaweza kutoa chumba, ubao, taa na vitabu. Na kubwa kuliko yote, inaweza kuwa mahali ambapo aliyemaliza kisomo anaendelea kusoma bila kulazimika kuwa mwanafunzi tena. Hilo la mwisho hakuna mwingine anayelifanya.

Kwa nini mtu aliyefuzu kisomo husahau?

Kwa sababu alifundishwa kusoma kisha hakupewa cha kusoma.

Tanzania inalijua jambo hili kuliko nchi nyingi. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Zikafuata kampeni zilizowafikia watu kwa redio na vikundi vya kujifunza, kama "Mtu ni Afya" ya 1973 na "Chakula ni Uhai" ya 1975, pamoja na mitihani ya kisomo ya kitaifa. Watu wazima wasiojua kusoma, waliokuwa takriban asilimia 67 mwaka 1967, walikadiriwa kuwa karibu asilimia 10 mwaka 1986. Baada ya hapo idadi ikaanza kupanda tena. Zilikuwapo sababu kadhaa, zikiwamo uchumi mgumu wa miaka ya 1980 na vijana walioacha shule. Lakini moja ilionekana vijijini waziwazi: maktaba za vijiji zilizoanzishwa ili kukienzi kisomo ziliachwa na vitabu vilevile mwaka hadi mwaka, mpaka kurasa zikachakaa na masanduku yakafungwa.

Mitihani ile ilipanga watu katika hatua nne. Wa hatua ya tatu alikuwa amezimudu herufi. Aliweza kusoma na kuandika sentensi nyepesi. Wa hatua ya nne aliweza kusoma gazeti na kutunza hesabu zake. Anayesahau, mara nyingi, ni yule wa hatua ya tatu. Kusoma kwake bado ni kwa jasho, silabi moja moja, na akikaa miezi bila kitabu cha kumfaa kila neno linarudi kuwa kazi. Kutoka hatua ya tatu kwenda ya nne hakuhitaji mwalimu mpya. Kunahitaji vitabu vyepesi, vingi, vinavyobadilishwa. Kwa maneno mengine, kunahitaji maktaba.

Sijui kusoma kabisa. Nikifika maktaba naanzia wapi?

Anzia mapokezi, useme kwa mdomo: "Nataka kujiunga na kisomo." Huna haja ya kusoma tangazo lolote. Mkutubi ama atakuelekeza kwenye kundi lililopo, ama atakupa jina la afisa elimu wa kata yako.

Kwa kukaa na kusoma ndani, maktaba nyingi zina ada ndogo au hazitozi. Kwa kuazima vitabu utahitaji uanachama. Mara nyingi huombwa fomu iliyojazwa, picha ndogo, kitambulisho au barua ya serikali ya mtaa, na mdhamini. Uliza vyote kwa safari moja, maana wengi hukata tamaa kwa kurudishwa mara tatu kwa ajili ya picha.

Kwa mkutubi: fomu ndiyo inayowakimbiza watu. Usimpe mtu fomu na kalamu mbele ya foleni. Kijana wa mapokezi amwamkie shikamoo, amkaribishe kiti pembeni, amuulize maswali kwa mdomo na kuijaza mwenyewe, kisha amsomee yote kabla ya kuweka dole gumba. Dakika kumi tu.

Bibi yangu anahesabiwa "hajui kusoma", lakini anasoma Kurani. Imekuwaje?

Hilo ni la kawaida Pwani na Visiwani. Aliyepita chuoni (madrasa) utotoni huzijua herufi za Kiarabu, na Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi hizo kwa karne nyingi kabla ya hizi za Kirumi kuenea. Huyo haanzi sifuri. Anajua kwamba alama husimamia sauti, anajua kufuata mstari, ana subira ya kukariri. Akipewa herufi za Kirumi huenda haraka. Kinachomsumbua mwanzoni ni kuanza kushoto badala ya kulia, na irabu ambazo sasa zinaandikwa kama herufi kamili. Kabla ya kumwandika mtu yeyote kwenye daftari la "wasiojua", muulize alisoma nini na wapi.

Anashindwa kuzitambua herufi ingawa amefundishwa miezi miwili. Tatizo ni akili?

Angalia macho kwanza. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, na vitu vya karibu huanza kufifia hata kwa mtu anayeona mbuzi mlimani. Dalili ni rahisi: anausogeza ukurasa mbali, mkono unanyooka, anaugeuzia dirishani, anafikicha macho, baada ya robo saa analalamika kichwa. Wengi huacha kisomo hapa, wakiamini kwamba wao "si wa shule".

Mpe ukurasa wenye herufi za gazeti, umbali wa sentimita 40. Kama haoni, mjaribishe miwani ya kusomea. Mwenye miaka 40 na kitu huhitaji takriban +1.00 hadi +1.50, wa miaka 50 kama +2.00, wa 60 kama +2.50. Maktaba ikiwa na miwani sita ya nguvu tofauti kwenye kisanduku, kila moja imeandikwa namba yake kwa kalamu ya wino usiofutika, imeokoa wasomaji wengi kuliko kabati zima la vitabu. Kama ni ukungu, maumivu, au jicho moja limefifia kuliko lingine, miwani ya dukani haitoshi. Aende kwa mtaalamu wa macho.

Inachukua muda gani?

Kiswahili kina bahati: irabu ni tano, na karibu kila neno linasomwa kama lilivyoandikwa. Kwa vipindi vitatu kwa wiki, saa moja na nusu kila kimoja, panga angalau miezi sita mpaka sentensi nyepesi, na mwaka mzima kabla ya kumwachia mtu kitabu peke yake. Asiyeizoea lugha yenyewe, kama mama mzee aliyeishi na Kisukuma au Kimaasai maisha yake yote, apewe muda zaidi wa kuzungumza kabla ya kusoma.

Kinachoharibika mara nyingi ni wimbo. Darasa zima linaimba "ba, be, bi, bo, bu" na mgeni anaona wamejua. Mpe mmoja kadi yenye "bo" peke yake: ataanza tena "ba, be, bi" mpaka afike. Amekariri mlolongo, hajaitambua silabi. Dawa ni kadi zinazochanganywa kila siku, na kuingia kwenye maneno mapema. Silabi nne tu, ba, bu, bi, na ma, zinatoa baba, babu, bibi, mama, bima.

Maeneo mengine magumu: ng' na ng (ng'ombe na ngoma), sauti zilizobebana kama mbw na njw, dh na gh kwa watu wa bara, na l na r ambapo matamshi ya nyumbani huziunganisha. Hizi zisirekebishwe kwa kumkatiza mtu kila neno. Mwache amalize sentensi.

Mkono wake unavunja penseli na kutoboa karatasi.

Ni mkono uliozoea jembe na mchi. Unashika penseli kwa ngumi na kukandamiza kwa nguvu ya bega. Mpe penseli laini, ya 2B badala ya HB, iliyochongwa fupi. Wiki mbili za mwanzo aandike kwa chaki ubaoni au kwa kidole kwenye mchanga, herufi kubwa, mkono wote ukizunguka; kisha ahamie daftari la mistari mipana. Karatasi nyingine mbili au tatu chini ya ile anayoandikia huzuia kutoboka.

Wengi wanataka kwanza kuandika jina lao, ili waache kuweka dole gumba kwenye kikao cha vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa. Wafundishe, maana heshima hiyo ndiyo inayowarudisha darasani wiki inayofuata. Ila hapohapo wafundishwe kwamba saini hufuata kusoma. Aliyejua kuandika jina tu anaweza kutia saini mkataba wa mkopo asioujua, na saini ina uzito uleule wa dole.

Asome nini mwanzoni?

Vitu vinavyopita mikononi mwake kila siku. Bahasha ya dawa iliyoandikwa "1x3": anayejua tarakimu tu anaweza kudhani ni vidonge vitatu kwa pamoja, kumbe ni kimoja mara tatu kwa siku. Kadi ya kliniki ya mtoto. Ujumbe wa pesa kwenye simu, ambao matapeli huuiga wakijua kwamba mpokeaji ataangalia tarakimu tu na kuacha maneno.

Namba ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ni zoezi zuri sana la kusoma tarakimu. Ziko 20, na mwanafunzi akizisoma mfululizo hupotea katikati, akabonyeza moja mara mbili, mita ikakataa. Mwonyeshe kuzigawa nne nne, mafungu matano. Afunike kwa kipande cha karatasi, afunue fungu moja, alitamke, alibonyeze, ndipo asogeze karatasi. Akimaliza taa ikawaka, hakuna cheti kinachozidi hapo.

Baada ya hapo, maneno yake mwenyewe. Mwezeshaji anamwomba asimulie jambo fupi, jinsi ya kupika makande au kupanda mihogo, na kuliandika kama lilivyosemwa, sentensi tano au sita, bila kulipamba. Kisha wanalisoma pamoja. Kwa kuwa anajua kinachofuata, macho yanathubutu kwenda mbele. Masimulizi 20 ya kundi yakichapwa kwa herufi za ukubwa wa 16 hadi 18, yakatolewa nakala na kubanwa kwa pini, maktaba imepata kitabu ambacho hakipatikani duka lolote, na waandishi wake watakiazima.

Tupange vipi rafu kwa wasomaji wapya?

Kwa mpangilio wa kawaida wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, vitabu vinavyowafaa vimetawanyika: elimu ya watu wazima iko 374, afya 613, kilimo 630, ufugaji 636, ushonaji 646, lugha ya Kiswahili 496.392. Msomaji mpya hatalizunguka jumba lote akisoma namba. Vitoeni vyepesi vyote, viwekwe pamoja kwenye rafu moja karibu na mlango, usawa wa macho, majalada yakitazama nje. Utepe wa rangi kwenye mgongo unatosha kuonyesha ugumu: kijani kwa sentensi moja moja, njano kwa aya fupi, buluu kwa kitabu kamili.

Msiiweke rafu hiyo kwenye chumba cha watoto. Kitabu chepesi chenye picha ya sungura kwa mtu mwenye wajukuu ni tusi, hata kama silabi zake zinafaa.

Tunataka kuanzisha kundi ndani ya maktaba. Tufanye nini?

Anzeni na watu 12 hadi 20. Wakizidi, mwezeshaji mmoja hawezi kumsikiliza kila mtu akisoma kwa sauti, na asiyesikilizwa hujificha nyuma ya sauti za wenzake. Muda ukubaliwe na wao. Jioni huwafaa wenye biashara. Wakulima hupendelea alasiri, na masika ikianza mahudhurio yatashuka. Panga likizo wakati huo badala ya kuwafokea. Wekeni mkeka pembeni kwa mama wenye watoto, na vitabu vya picha juu yake. Viti viwe vya watu wazima.

Kinachoua makundi mengi ni kifuta jasho cha mwezeshaji. Huahidiwa, huchelewa, na mwezi wa nne mlango hauna wa kuufungua. Kama hakuna fedha, semeni mapema, mpate wawezeshaji watatu wanaopokezana siku moja moja badala ya mmoja anayebeba wiki nzima. Mkutubi awe na ufunguo wa akiba.

Kijijini kwetu hakuna maktaba.

Sanduku la vitabu linafanya kazi likisimamiwa. Vitabu 50 vinatosha: 20 vyepesi, 15 vya kilimo, mifugo na afya, 10 vya hadithi, na 5 vya ardhi, mirathi na sheria za kijiji. Sanduku la mbao lenye milango inayofunguka kama kabati, miguu ya kuliinua lisiguse sakafu, kwa sababu ya mchwa na unyevu. Orodha ibandikwe ndani ya mlango. Kila baada ya miezi mitatu sanduku libadilishwe na la kijiji jirani. Hatua hii ndiyo iliyokosekana zamani. Bila kubadilishana, wasomaji humaliza vitabu na sanduku huwa meza.

Ofisi ya kijiji si mahali pazuri pa kuliweka, kwani mtendaji akisafiri hufungwa. Mashine ya kusaga ni bora. Watu husubiri pale saa nzima.

Kenya waliwafuata wafugaji walipo. Mwaka 1996 Huduma za Maktaba za Kitaifa zilianza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa, mmoja akibeba masanduku ya vitabu na mwingine hema la kusomea.

Nilimaliza darasa la saba zamani. Maktaba itanisaidia kupata cheti cha kidato cha nne?

Itakusaidia kujiandaa. Ambaye hakupita sekondari hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT, na akifaulu ndipo anaposajiliwa kama mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne. Yote yako chini ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na anayechelewa hutozwa zaidi, kwa hiyo usisubiri mwezi wa sita kuuliza. Maktabani utapata vitabu vya kiada, mihtasari na mara nyingi mitihani iliyopita. Kosa la wengi ni kukariri mitihani hiyo bila kufungua muhtasari. Anza na muhtasari, uweke alama kila mada uliyoisoma, mitihani iliyopita uiache kwa miezi mitatu ya mwisho.

Kitabu kikipotea?

Mwanachama hulipa au kukinunua kingine. Kwa msomaji mpya, tunashauri onyo la mdomo kwanza. Mtu akiogopa faini ya kitabu kilicholoa mvua, hatakirudisha na hatarudi yeye mwenyewe, na kitabu ndicho cha bei ndogo kati ya hivyo viwili. Mpeni mfuko usiopitisha maji siku ya kuazima.

Tutajuaje kama kazi hii inazaa matunda?

Msihesabu waliojiandikisha. Fungueni daftari la kuazima, muangalie jina lilelile likijitokeza mara ya pili na ya tatu baada ya kisomo kwisha. Aliyeazima mara moja alikuwa na hamu. Aliyeazima mara tatu ndani ya miezi sita anasoma. Walioishia mara moja watafuteni kwa majina na muwaulize ni kitabu gani walikikosa, kisha kitafuteni.